Uzi: Kununua kwa jumla vyakula vilivyogandishwa vikakaushwa kwa safari za mtumbwi na za kutembea na mizigo mgongoni – je, hesabu inakubali?

Mpiga Kafi (Kigoma)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma, na ni mmoja wa kikundi cha watu 8 ambao kila kiangazi hufanya safari mbili. Ya kwanza ni ya mitumbwi, kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, na ya pili ni ya kutembea na mizigo mgongoni ndani ya Hifadhi ya Milima ya Mahale hadi kilele cha Nkungwe, chenye mita 2,462. Kila mwaka tunarudi salama, ila kila mwaka tunarudi tumegombana, na mara zote ugomvi huanzia kwenye chungu. Mwaka jana tulibeba maharage makavu, mchele, nyanya, vitunguu na nyama ya makopo. Maharage yalimaliza mafuta ya jiko siku ya pili, nyanya zilipondeka zikalowesha nguo za watu, na makopo, ambayo sehemu kubwa ya uzito wake ni maji na bati, yalipandishwa mlimani na vijana wawili ambao mpaka leo hawajatusamehe.

Sasa mwenzetu mmoja ameleta wazo la kuagiza vyakula vilivyogandishwa vikakaushwa, vile ambavyo watembeaji wa Ulaya na Marekani hubeba katika pakiti: unamimina maji ya moto ndani ya pakiti, unaifunga, unasubiri dakika kumi hivi, unakula. Ukinunua kwa makasha bei hushuka kidogo, na wauzaji wengine hudai kwamba bidhaa zao hukaa hadi miaka 30 zikiwa hazijafunguliwa. Nimepiga hesabu hivi: watu 8 kwa siku 6, kila mtu kilokalori 3,000 kwa siku, ni kilokalori 144,000. Pakiti ya kawaida ina kama kilokalori 500, kwa hiyo tunahitaji pakiti 288. Hata tukikisia dola 10 kwa pakiti, hiyo ni dola 2,880 kabla ya usafiri na kodi, na hiyo ni safari moja tu.

Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, kununua kwa jumla kunapunguza gharama hii kiasi cha kueleweka, au tunajidanganya? Na je, vyakula hivi vinahifadhikaje katika hali ya hewa ya kando ya ziwa?

Fundi Majokofu (Tabora)

Ndugu mleta uzi, umeanza vizuri kwa sababu umeweka hesabu mezani, lakini kuna hesabu moja hukuifanya, nayo ndiyo itakayokuamulia. Kabla sijaifikia, niruhusu nieleze kidogo chakula hiki hutengenezwaje, maana watu wengi hudhani ni uchawi.

Chakula, mara nyingi kikiwa kimeshapikwa, hugandishwa hadi kama nyuzi 40 chini ya sifuri, kisha huingizwa katika chumba cha chuma ambacho pampu imenyonya hewa yake. Mgandamizo ukishuka chini ya paskali 611, maji hayana tena nafasi ya kuwa kimiminika. Joto kidogo likiongezwa, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, na mvuke huo hunaswa kwenye koili za baridi. Kwa kuwa kipande cha nyama au cha karoti hakikulowa wala kuiva upya wakati kinakauka, hakisinyai. Hubaki na umbo lake, kimejaa vitundu vidogo mahali palipokuwa na barafu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonyonya maji haraka ukikimiminia. Maji yanayoondolewa hufikia asilimia 98 au 99, kiasi ambacho jua letu halifiki. Wala wazo lenyewe si la viwanda pekee: wenyeji wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, wamekuwa wakifanya hivyo na viazi kwa karne nyingi, usiku vinagandishwa na baridi ya mlimani, mchana vinakanyagwa na kuanikwa, navyo huviita chuño.

Sasa hesabu yenyewe. Gramu 100 za pilau iliyokaushwa kiwandani zina kama kilokalori 400 hadi 450. Gramu 100 za mchele mkavu wa sokoni zina kama 360, za karanga zina kama 567, na za mawese zinakaribia 884. Umeona jambo? Kikavu ni kikavu. Chakula cha kiwandani ni chepesi ukikilinganisha na nyama ya kopo au nyanya mbichi, lakini ukikilinganisha na unga, mchele, karanga na dagaa hakipunguzi uzito wowote wa maana. Unachonunua kwa dola 10 hizo ni kwamba kimeshapikwa, basi. Kinakuokolea moto na muda.

Kwa hiyo swali la jumla au rejareja nadhani ni la pili. La kwanza ni hili: katika chungu chenu, ni kitu gani hasa ambacho kikipikwa kabla kitawaokolea moto, na ambacho jua la Kigoma haliwezi kukikausha vizuri kikiwa kimepikwa? Hicho agizeni. Vingine acheni.

Mama wa Vichanja (Katonga)

Nimesoma nikacheka peke yangu, maana hapa Katonga kila usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa, asubuhi tunaanika, halafu mtu wa Mwanga anataka kuagiza samaki mkavu kutoka ng'ambo ya bahari.

Mwanangu, sikukatazi. Ila dagaa wa ziwa hili, akianikwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, hahitaji kupelekwa kiwandani, na hupikwa kwa dakika chache. Shida ya dagaa ni mahali alipoanikwa. Wa kwenye mchanga ni wa bei ndogo, lakini utatafuna mchanga mpaka Nkungwe, na akinyeshewa kidogo anaanza kuoza upande wa chini bila wewe kuona. Wa kwenye kichanja hupitiwa na hewa juu na chini, anakauka kwa siku moja ya jua kali, na anabaki na rangi yake ya fedha. Kwa safari, mtoe kichwa, mkaange kikavu kwenye kikaango bila mafuta hadi aanze kuvunjika, kisha mpoze kabisa kabla hujamfunga. Ukimfunga akiwa na joto, jasho lake mwenyewe litamharibu.

Migebuka iliyokaushwa kwa moshi ni mitamu, lakini ina mafuta, na mafuta hayakai. Hiyo kuleni siku mbili za kwanza.

Kopo Wazi (Kigoma)

Jina langu la humu linatokana na kisa nitakachowaeleza, kwa hiyo msicheke kabla sijamaliza.

Miaka michache iliyopita niliagiza kasha la makopo makubwa, yale yanayoitwa kopo namba 10, yenye ujazo wa kama lita 3 kila moja. Niliagiza kupitia mtu aliyekuwa akikusanya mizigo ya watu wengi. Nilivutiwa na maandishi ya ubavuni yaliyosema kila kopo lina milo 10. Makopo 6, milo 60. Nilijiona tajiri. Nilipofungua la kwanza nikasoma maandishi madogo: kila mlo ulikuwa na kilokalori mia mbili na kidogo. Mtu aliyepiga kafi tangu alfajiri akipewa hicho, anauliza chakula kiko wapi. Milo yangu 60 ilikuwa milo 25 ya watu wazima, tena kwa kubana.

Hilo lilikuwa kosa la macho. La pili lilikuwa la akili. Nilibeba kopo zima mtumbwini, nikawa ninalifungua asubuhi na jioni, ninachota, ninarudisha mfuniko wa plastiki. Chakula hiki, kwa sababu ya vile vitundu alivyovieleza Fundi, hunyonya unyevu wa hewa kama sponji, na hewa ya ufukweni wakati wa jioni imejaa unyevu. Siku ya tatu vipande vilikuwa vimelainika na kushikana. Siku ya tano vilikuwa na harufu ya nguo iliyolala na maji. Wenye viwanda wengi huandika kwamba kopo likifunguliwa liliwe ndani ya wiki moja au mbili, nami naamini wanaposema hivyo wanafikiria kabati la jikoni katika nchi yenye hewa kavu. Wala hawafikirii mtumbwi.

Ile miaka 30 ni ya kopo ambalo halijafunguliwa, tena likikaa mahali pa baridi kiasi, nyuzi 21 hivi au chini yake. Chini ya bati la nyumba yangu mchana wa Septemba hata mshumaa unainama. Kwa hiyo anayeshauri kununua kwa jumla ili mkae nacho miaka kumi, si mimi.

Nesi wa Ujiji

Ninaomba niongeze la afya, kwa sababu kuna dhana moja hatari sijaona ikitajwa: kwamba chakula kilichogandishwa kikakaushwa hakina vijidudu.

Kukausha kwa njia hii hakuui bakteria, huwalaza. Anayetaka ushahidi aende kliniki yoyote ya mama na mtoto. Chanjo ya BCG, yaani ya kifua kikuu, na ya surua huja katika vichupa zikiwa unga mkavu uliotengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Ndani ya unga wa BCG kuna bakteria hai waliodhoofishwa, na sisi tunataka wawe hai. Tukishauchanganya na maji yake, tuna saa sita tu, kilichobaki kinatupwa, hata kama mlango umejaa akina mama. Mfano huu utawafaa jikoni: pakiti ikishatiwa maji, si chakula kikavu tena, ni chakula kilichopikwa leo, na kwa joto letu kiliwe hapo hapo. Kuloweka asubuhi ili kiliwe mchana mtumbwini, kama nilivyosikia baadhi ya watu wakijisifu, ni kuomba ugonjwa.

Pili ni maji. Ziwa ni maji baridi, jambo ambalo ni neema kwa mpiga kafi, kwa maana hahitaji kubeba maji ya kupikia. Lakini karibu na vijiji maji hayo si salama, na mkoa wetu unaijua kipindupindu vizuri. Kwa hiyo maji ya kumimina kwenye pakiti yachemke kwelikweli, yasiwe ya vuguvugu kwa kisingizio kwamba chakula kimeshapikwa. Ufukweni maji huchemka kwa nyuzi kama 97. Karibu na kilele cha Nkungwe yatachemka kwa nyuzi kama 92, na chakula kitachelewa kulainika, kwa hiyo dakika 10 zilizoandikwa kwenye pakiti zifanyeni 15 au zaidi, na pakiti ifunikwe kwa sweta isipoteze joto.

Mkazi wa Ujiji

Shikamoo wakubwa. Swali dogo kwa mleta uzi: katika watu 8 hao, Waislamu ni wangapi? Mifuko hiyo mingi ina nyama ya ng'ombe au kuku isiyo na alama ya halali, na mingine ina nyama ya nguruwe au jelatini ambayo huioni mpaka usome orodha yote ya viambato. Mkiagiza makasha mchanganyiko, ambayo ndiyo huwa na punguzo kubwa, mtajikuta nusu ya kasha hailiki na nusu ya kikundi.

Mpiga Kafi (Kigoma)

Marahaba, ndugu yangu. Waislamu tuko watano, mimi nikiwemo, na ni kweli hatukulifikiria kabisa. Tulikuwa tunaangalia bei ya kasha mchanganyiko.

Kopo Wazi, pole, na nashukuru kwa unyoofu. Sasa ninaanza kuona kwamba hatuhitaji pakiti za milo kamili, bali viambato vichache. Swali langu jipya ni la mzigo wenyewe: gharama ya kuuleta ikoje?

Karani wa Mizigo (Dar es Salaam)

Nimezaliwa Tabora, ninafanya kazi za mizigo huku Dar, kwa hiyo nitajibu la njiani tu.

Jambo ambalo waagizaji wa chakula cha aina hii hulisahau ni kwamba usafiri wa ndege hutoza uzito au ujazo, chochote kilicho kikubwa. Makampuni ya vifurushi kwa kawaida huchukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 5,000. Chukua kasha la makopo 6 lenye sentimita 48 kwa 32 kwa 19: ni 29,184, ukigawanya unapata kilo 5.8. Makopo hayo yakiwa na matunda, ambayo ni mepesi kama pamba, uzito halisi unaweza kuwa kilo 3 tu, lakini utalipia 5.8. Unalipia hewa. Ndiyo maana viambato vizito kwa umbo lake, kama maharage yaliyopikwa, mahindi au mayai ya unga, vinavumilika kuagizwa, na stroberi hazivumiliki hata kidogo.

Kuhusu kodi, usihesabu bei ya dukani tu. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima, na VAT ya asilimia 18 huja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Usalama wa chakula kinachoingia nchini, tangu 2019, uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, nao wanataka kuona tarehe ya kutengenezwa, ya kwisha muda na viambato kwa lugha inayosomeka. Bidhaa zenye nyama, maziwa au mayai zina masharti ya ziada ya kibali cha mifugo. Kwa hiyo alichosema Mkazi wa Ujiji kwa sababu ya dini, mimi nakisema kwa sababu ya makaratasi: nyama iacheni. Ulizeni kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kufika.

Mwalimu wa Unyanyembe (Tabora)

Nimefuatilia uzi huu kwa hamu, na ninaona watu wa ziwani wamesema ya kwao, nasi wa bara tuseme ya kwetu. Sisi Wanyamwezi tuna viazi vikavu vya namna mbili, na wageni huvichanganya. Michembe ni kiazi kitamu kilichokatwa kikiwa kibichi kikaanikwa. Matobolwa ni kiazi kilichochemshwa kwanza, kikamenywa na kukatwa, ndipo kikaanikwa. Ukizingatia alichosema Fundi, tofauti hii ndiyo kila kitu. Michembe itawataka moto mrefu, matobolwa yameshaiva, unaweza kuyatafuna makavu ukiwa unatembea, au kuyaloweka kwa maji ya moto yakawa chakula. Bibi zetu walitatua tatizo la kupika kabla, bila pampu wala umeme.

Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, yanafuata kanuni hiyo hiyo, na ni mboga ya safari iliyo nyepesi kuliko zote ninazozijua. Asali ya miombo haihitaji maelezo yangu, ila ibebwe katika chupa ya plastiki yenye kizibo cha kusokota. Nimewahi kuona begi zima lililolowa asali iliyobebwa kwenye mfuko.

Kisichokauka vizuri kwetu ni maharage yaliyopikwa. Tumejaribu: nje hukauka, ndani hubaki na unyevu, yakikaa wiki mbili yanaota ukungu. Na mayai, bila shaka. Hapo mashine inatushinda.

Fundi Majokofu (Tabora)

Mwalimu amenimalizia hoja. Maharage yaliyopikwa, mayai, mahindi mabichi, labda pilipili hoho na njegere: hivyo ndivyo vya kuagizwa kwa jumla, katika makopo makubwa ya kiambato kimojakimoja.

Kuna aliyeniuliza pembeni kama tununue mashine yetu wenyewe. Zipo za nyumbani, kwa mfano zile za Harvest Right za Marekani, lakini mzunguko mmoja huchukua saa 24 hadi 40 bila kukatika, na pampu yake inakula umeme muda wote. Umeme ukikatika saa ya ishirini, barafu inayeyuka ndani na umepata uji. Tuliache.

Sasa nieleze kufungasha upya, maana hapo ndipo Kopo Wazi alipopoteza chakula chake, na ndipo mtaokoa chenu. Kopo likifunguliwa lisifungwe tena. Ligawanywe lote, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, katika mifuko midogo, kila mfuko mlo mmoja wa watu wote 8. Mifuko iwe ile yenye tabaka la alumini ndani, si ya plastiki inayopitisha mwanga, kwa sababu plastiki ya kawaida hupitisha hewa na unyevu polepole hata ikiwa haina tundu. Katika kila mfuko weka kifuko cha kunyonya oksijeni. Ndani yake mna unga wa chuma, na chuma hicho kinaposhika kutu kinaimaliza oksijeni iliyobaki. Vifuko hivyo huanza kazi mara unapofungua pakiti yake, kwa hiyo toa vichache vichache na umalize kufunga ndani ya dakika 15 hadi 30. Kibonyeze: kilicho laini bado kizima, kilichokuwa kigumu kama kokoto kimeshakufa. Usikiweke pamoja na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, kwa sababu chuma kinahitaji unyevu kidogo ili kishike kutu, na silika itaunyang'anya. Wala usikiweke kwenye sukari au chumvi, vitageuka jiwe. Na Nesi ataniunga mkono: kisitumike kamwe kwa chakula ambacho hakijakauka kabisa, maana mahali penye unyevu pasipo na oksijeni ndipo sumu ya botulini inapotengenezwa. Mayai makavu ya kiwandani sawa, matobolwa ya nyumbani usithubutu.

Kufunga mdomo wa mfuko hakuhitaji mashine ya gharama. Pasi ya kunyooshea nywele ya mke wangu inafanya kazi hiyo vizuri sana. Ameshanunua nyingine.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike kwa urefu hivi: msifungashe Kigoma. Mzigo ukitoka Dar kwa reli unapita hapa Tabora kabla ya kufika kwenu. Kuanzia Juni hewa ya hapa hukauka mpaka midomo inapasuka. Ushusheni hapa, mje wawili, tufungue makopo mchana saa nane jua likiwa kali, tugawanye kwa alasiri moja. Kilichofungwa katika hewa kavu hubaki kikavu. Mkifungulia kando ya ziwa jioni, mtafunga unyevu ndani na kuulinda kwa alumini.

Nesi wa Ujiji

Ninamuunga mkono Fundi kuhusu botulini, bila kupunguza neno. Na kwa watakaopita Gombe au Mahale: hairuhusiwi kula karibu na sokwe, kwa ajili ya afya yao zaidi ya yetu, kwa hiyo mabaki na mifuko mitupu irudi nanyi. Nyani wa ufukweni nao wanajua kufungua hema. Mfuko uliofungwa vizuri kwa alumini hautoi harufu, na hiyo ni faida ambayo sijaona mtu akiitaja.

Kopo Wazi (Kigoma)

Ninayo pia nyongeza, kwa wapiga kafi hasa. Mtumbwini uzito si adui mkubwa. Mtumbwi unabeba, hauchoki. Adui ni maji ya mawimbi, hasa upepo wa kusini-mashariki unapoamka kati ya Mei na Septemba. Kwa hiyo safari ya ziwani bebeni viazi, vitunguu, ndizi na hata kuku hai mkitaka, kuleni hivyo siku mbili tatu za kwanza, na vikavu vya kununua viwekeni kwa ajili ya Mahale, ambako kila gramu iko begani kwa mtu.

Mpiga Kafi (Kigoma)

Wakubwa na ndugu zangu, tumekaa jana jioni tukapiga hesabu upya kwa kufuata uzi huu, na matokeo yametushangaza wenyewe. Kwa mtu mmoja kwa siku moja mlimani: mchele au unga gramu 300, matobolwa 100, karanga 80, dagaa 60, asali 50, mawese 40, sukari 40, na vya kuagizwa, yaani maharage yaliyopikwa, mayai na mboga, gramu 70. Jumla ni gramu 740, zenye takriban kilokalori 3,000. Kwa watu 8 kwa siku 6 ni kilo 35 na nusu, uzito ule ule ambao pakiti 288 zingekuwa nao, lakini cha kuagizwa ni kilo 3.4 tu badala ya kilo 36. Tukiagiza kwa safari mbili ni kilo 7 bila kasoro kubwa, na hapo punguzo la makopo makubwa lina maana, kwa sababu yote yataliwa ndani ya kiangazi kimoja.

Mchele tutaupika nyumbani na kuuanika tena, nusu yake, ili uive haraka. Tulijaribu jana kiasi kidogo. Umekuwa mgumu kidogo katikati, nadhani tuliukatiza moto mapema.

Karani, tumekubali kuacha nyama kabisa, na mayai tutaulizia kibali kabla ya kulipa. Yakikataliwa, gramu zake zitakwenda kwa maharage. Fundi, wawili wetu tutakuja Tabora mzigo ukishashuka, na tutakuja na pasi yetu ya nywele, tumwachie shemeji yetu ya kwake. Tunachokosa ni mizani ya kupima gramu. Hii ya dukani tuliyonayo inaanzia robo kilo.

Mwalimu wa Unyanyembe (Tabora)

Mizani ya maabara ya shule ninaweza kuiazima kwa alasiri moja, nikiwepo mwenyewe. Matobolwa mnayahitaji kilo 10 kwa safari zote mbili, kwa hesabu yenu. Niambieni kabla ya Julai, kwa sababu mazuri huisha sokoni mapema.

Mama wa Vichanja (Katonga)

Na dagaa kilo 6. Nitakuwekea wa kichanja, wa mwezi mchanga. Njoo na ndoo yenye mfuniko, usije na kiroba.